Mlaji au Mpokezi? Maoni Kuhusu Istilahi za Ujumbe katika Programu za Java

Mijadala ya istilahi za kompyuta katika Kiswahili imeelekea zaidi kwenye vile avionavyo mtumiaji: kibodi, kipanya, faili, dirisha. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, uliisogeza mbele kazi hiyo kwa kiasi cha kuridhisha. Yale yatendekayo nyuma ya kioo, baina ya programu na programu, aghalabu hayajapewa majina, au yamepewa majina ya kisisisi. Makala haya yanahusu mojawapo ya majina hayo, nalo ni "mlaji wa ujumbe".

Programu mbili zinapopelekeana habari, mara nyingi huwekwa ya tatu katikati ili ipokee ujumbe, iutunze na kuukabidhi kwa anayehusika. ActiveMQ Artemis, RabbitMQ na Kafka ni za aina hiyo, na lugha ya Java imekuwa na kanuni rasmi za kazi hii, JMS, tangu mwaka 1998. Kwa Kiingereza, programu ya katikati hupewa jina la dalali, na ile inayochukua ujumbe hupewa jina ambalo wachumi wetu hulitafsiri "mlaji", yule yule alipaye kodi ya ongezeko la thamani mwisho wa safari ya bidhaa. Tunaonelea kuwa tafsiri zote mbili zinapotosha, na ya pili ina madhara makubwa zaidi.

Tuchukulie zahanati iliyopo Majengo, Mpanda, mkoani Katavi. Takwimu zake hujazwa katika vitabu vya MTUHA, kisha jumla za mwezi huingizwa katika DHIS2, ambayo imeandikwa kwa Java. Matoleo kadhaa ya DHIS2 ya miaka ya 2020 yalitumia Artemis kwa kumbukumbu za ukaguzi: afisa anaposahihisha idadi ya watoto waliochanjwa, habari za sahihisho hilo (nani kalifanya, lini, nini kimebadilika) hutumwa kama ujumbe, na sehemu nyingine ya programu huupokea na kuuandika katika hifadhidata. Sasa umeme ukatike baada ya kupokea, kabla ya kuandika. Ikiwa mpokezi alikwisha kukiri mapokezi, ujumbe umefutwa kule katikati, na hakuna atakayejua kamwe nani aliibadilisha idadi ile. Ikiwa hukiri baada ya kuandika, ujumbe utaletwa tena. Hautapotea, ila unaweza kuandikwa mara mbili, hivyo kila ujumbe hauna budi kubeba namba yake ya pekee, nayo ichunguzwe kabla ya kuandika.

Katika "kula" nafasi hiyo haipo. Chakula kikishaliwa kimekwisha. Mwanafunzi aliyefunzwa kwamba programu yake "inakula" ujumbe hana sababu ya kujiuliza ni wakati gani hasa akiri, na JMS haitamsaidia: akichagua kukiri kwa namna ya otomatiki, huku akiuita ujumbe mmoja mmoja, mapokezi hukiriwa mara tu ujumbe unapomfikia, kabla hajaufanyia lolote.

Lugha ya ofisi zetu imekuwa na picha bora zaidi kwa miaka mingi. Dalali hunadi mali na kudai ujira. Programu ya katikati hainadi kitu. Inayofanana nayo ni masijala: barua huingia, husajiliwa, hutunzwa, hupelekwa kwa mhusika, na tarishi hurudi na daftari lililotiwa saini. (Saini ya tarishi nayo huthibitisha kufika kwa bahasha tu, jambo ambalo kila aliyewahi kufuatilia barua analijua vyema.) Kwa hiyo tunapendekeza *masijala ya ujumbe*, *mpokezi* na *kukiri mapokezi*. Kafka yenyewe huonyesha ubora wa picha hii. Humo ujumbe haufutwi kwa kusomwa. Hubaki kwa muda uliopangwa, kama barua katika jalada, na kila msomaji huweka alama ya folio aliyofikia. Wasomaji watatu waweza kusoma jalada moja, kila mmoja kwa mwendo wake. Hapo ulaji uko wapi?

Kuhusu umbo la ujumbe, wanaisimu wanahitaji maelezo machache. Ujumbe wenye umbo hutawaliwa na upatanisho, kama sentensi ya Kiswahili: mahali pa idadi pakija maneno "kumi na mbili" badala ya 12, programu ya Java iliyotangaza kuwa inatarajia namba itaukataa, kama sikio linavyokataa "mtoto vimechanjwa". Ujumbe uliokataliwa usirudishwe tu kwenye foleni, kwani waweza kurudi bila kikomo na kuzuia iliyo nyuma yake. Utengewe jalada lake, mtu aupitie.

Watakuwapo watakaotaka tutohoe tu, tuseme "konsyuma" na "broka". Utohoaji hatuupingi; "faili" na "programu" zimekaa vizuri. Lakini maneno hayo yaliingia mahali palipokuwa wazi, ilhali masijala ipo tayari katika kila halmashauri, ya Mpanda ikiwamo, na watumishi wake wanaijua tofauti ya barua iliyopokelewa na barua iliyofanyiwa kazi.