Funguo za kura zinatengenezwa wapi?

Makamanda, kwenye masanduku, fomu na mawakala tuko macho. Sawa. Lakini kuna chumba ambacho hatuna wakala: pale kompyuta inapotengeneza funguo za siri.

Sikieni ya Estonia. Wale wanapiga kura kwa intaneti tangu 2005, na kitambulisho cha raia kina chipu yenye jozi ya funguo. Ufunguo wa wazi anauona yeyote. Wa siri hautoki kwenye kadi, na ndio unaoweka saini yako. Mwaka 2017 jozi hiyo ilianzia kwenye namba tasa mbili kubwa mno, zilizotakiwa kuokotwa kwa bahati nasibu. Zilizidishwa, jibu likawekwa wazi, zenyewe zikabaki siri. Usalama wote ulikaa hapo: uone jibu, usiweze kurudi nyuma ukazipata.

Sasa maktaba ya programu iliyokuwa kwenye chipu zile, kazi ya kampuni ya Infineon, ilipita njia ya mkato. Badala ya kuokota namba popote, iliokota zenye umbo la aina moja tu. Na chipu zilikuwa na vyeti vya usalama, mihuri yote! Waliogundua ni watafiti, wengi wao wa Chuo Kikuu cha Masaryk kule Cheki, na funguo za wazi peke yake zilitosha kuonyesha zimetoka kiwanda gani. Kadi zipatazo 750,000 zikawa na walakini. Serikali ilitangaza Septemba 2017, kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Oktoba (hapo nawapa heshima yao), na Novemba ikazuia kadi hizo zisitumike mtandaoni hadi zisasishwe.

Kwa hiyo siku tukiletewa kura ya simu, tusiulize imegharimu bilioni ngapi tukaishia hapo. Tuulize: programu inayotengeneza funguo ni ipi, na nani wa nje ameisoma?

Na nyie mnaoandika programu za matawi yetu, msicheke. Python ina random na ina secrets. Random ni ya michezo na majaribio. Maelezo ya Python yenyewe yanaonya isitumike kwenye usalama. Halafu ufunguo wa siri ukishautengeneza, usiurushe kwenye grupu la WhatsApp eti katibu naye awe nao. Katibu atengeneze wake.