Mimba ya kwanza: kuuliza si kukosa imani



Mama mwenye mimba ya kwanza ukimjulia hali, atakujibu, “Salama tu.” Mpe nafasi, utayasikia ya moyoni. Kutapika huku hakumdhuru mtoto? Mbona wiki ya 17 na bado sijamsikia akicheza? Uchungu nitauweza? Mwisho, kwa sauti ya chini: kuogopa hivi si kukosa imani?

Tuanze na hilo la mwisho. Bikira Maria alipopashwa habari na malaika Gabrieli alifadhaika, akauliza jambo hilo litawezekanaje. Hakukemewa, alijibiwa. Kisha akaenda kwa haraka nchi ya milima kwa Elizabeti, aliyekuwa na mimba ya miezi sita, akakaa naye kama miezi mitatu. Hakujifungia ndani na maswali yake.

Kwetu wengi huficha mimba hadi tumbo lijitangaze lenyewe, kwa kuogopa kijicho. Lakini anayewaficha majirani huishia kumficha hata mkunga. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito aonane na wahudumu wa afya angalau mara 8, mara ya kwanza ndani ya wiki 12 za mwanzo. Kliniki atapimwa shinikizo la damu, wingi wa damu, VVU na kaswende, na atapewa vidonge vya kuongeza damu. Huko pia maswali yake yatajibiwa. Kichefuchefu cha miezi ya mwanzo ni cha kawaida, ila asiyebakiza hata maji tumboni awahi hospitali. Katika mimba ya kwanza, wengi huanza kumsikia mtoto karibu na wiki ya 20. Na mayai yale; hayamfanyi mtoto azaliwe na upara.

Sasa neno zito. Damu ikitoka, kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, uso ukivimba, degedege likimshika, au mtoto aliyekuwa akicheza akitulia, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo. Msimpitishe kwanza kwenye maombi. Mungu anatusikia hata tukiwa njiani. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kusali tunapougua na pia kumpa nafasi tabibu, kwa kuwa naye ameumbwa na Bwana. Anayetenganisha hayo mawili anamjaribu Mungu.

Nanyi akina baba, Yosefu hakumwacha Maria asafiri peke yake kwenda Bethlehemu. Kliniki si mbali kuliko huko. Akina mama wa jumuiya, mkimtembelea binti huyo, msimhesabie waliofia leba. Mpunguzieni ndoo ya maji, mwulizeni kadi yake inasema arudi lini, kisha msindikizeni.

Wiki hii, katika jumuiya yako, ni nani anayemngoja Elizabeti wake? Nenda kwake kabla hajakuita.

Dominika njema.