GARI HALIPIMWI KWA INJINI!

Ndugu wananchi, wako matajiri wa magari ambao hawana neno ila moja: "Gari lina nguvu, pakia!" Dereva akisita huitwa mwoga, na kazi yake hutafutiwa mwingine. Neno hilo ni la uongo, na sisi tunalikataa mchana kweupe.

Injini ni ya kwendea. Kusimama je? Kiwango cha mzigo hakiwekwi na injini peke yake. Huwekwa na chesisi, ekseli, springi, tairi na breki. Na kati ya hivyo vyote, kilicho dhaifu ndicho chenye amri. Tairi lenye namba ya mzigo 112 ubavuni limepewa kilo 1,120, upepo ukiwa kamili. Likizidishiwa hupata moto likapasuka, hata injini iwe ya namna gani.

Matajiri hao hukimbilia kwa fundi kuongeza majani ya springi. Gari halilali tena, nao hushangilia! Je, majani yale yameongeza breki? Yameongeza ekseli? Hapana! Yameficha ugonjwa tu. Uzito wote ukiwa mara mbili, joto la breki mteremkoni nalo ni mara mbili.

Tufanye hesabu. Tuseme gari limeruhusiwa kilo 3,000 kwa jumla, nalo likiwa tupu lina 2,000. Zimebaki 1,000. Watu watano wa kilo 70 ni 350. Tela la kilo 2,000 likikandamiza ndoano kwa sehemu moja ya kumi, ni 200 nyingine. Zimebaki 450: magunia manne ya kilo mia, basi. Anayepakia kumi kwa kuwa "tela linavutika" amehesabu kuvuta, akasahau kubeba.

Tena barabara ni yetu sote. Ndiyo maana sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka mwisho wa tani 56 kwa lori na mzigo wake, hata kama injini yaweza zaidi.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tajiri yu ofisini. Anayeteremka Kitonga na breki zinazofuka moshi ni dereva na utingo wake.

Madereva, someni kibao cha kiwandani katika magari yenu. Mkiambiwa "pakia", kionyesheni, na msimame pamoja. Tajiri atakaye kubeba zaidi na anunue gari kubwa zaidi, asinunue majani ya springi!