Sonny Alidakia Mbele ya Mgeni

Vijana wenzangu, leo mtanisamehe, siandiki kuhusu katiba. Nimerudia The Godfather, ile sinema ya Francis Ford Coppola ya mwaka 1972, na safari hii nimeiangalia kwa jicho la siasa.

Wengi husema Sonny aliuawa na hasira zake. Mimi naona mambo yaliharibika mapema, tena mezani, watu wakiwa na suti zao. Sollozzo kaja kuomba dola milioni 1 na kinga ya majaji na wanasiasa walio mfukoni mwa Don Vito, afanye biashara ya unga. Mzee anakataa kwa adabu. Sonny anadakia. Swali dogo tu, fedha zao nani atazidhamini, lakini mgeni kashaona: mtoto anautaka mzigo alioukataa baba.

Basi Sollozzo anapiga hesabu. Mzee akiondoka, dili linapita. Don anapigwa risasi akinunua matunda, na Tom Hagen, mwanasheria wa familia (huyu ndiye wangu, mnajua kwa nini), anatekwa ili akamshawishi Sonny akubali.

Ila Sollozzo naye alikosea, na hapa ndipo patamu. Alihesabu tamaa ya Sonny, akasahau kwamba Sonny ana baba. Akapata vita. Na Michael, ambaye hakutaka kabisa kazi za kwao, ndiye aliyemmaliza mgahawani, yeye pamoja na kapteni wa polisi aliyekuwa akimlinda.

Sonny hakujifunza. Alimpiga shemeji yake hadharani, maadui wakajua wamvutie wapi. Dada yake akapigwa, Sonny akatoka mbio bila kusubiri walinzi, wakamngojea kwenye kituo cha ushuru wa barabara.

Nayasema haya kwa sababu hata mimi nimedakia. Mwezi uliopita, mbele ya wageni wa chama kingine, nilimbishia mwenyekiti wa tawi letu kuhusu kuwaachia nafasi ya mgombea. Hoja yangu bado naiamini. Lakini wageni hawakuondoka na hoja, waliondoka na habari kwamba tumegawanyika. Siku mbili baadaye mmoja akanipigia simu, sauti laini kama asali, akiuliza kama sijachoka kudharauliwa.

Kosa ni langu. Ila Don, kabla ya kukutana na Sollozzo, aliwakalisha Sonny na Tom nyumbani akawauliza wanaonaje. Sisi hakuna aliyetuuliza. Mwenyekiti, tunaomba kikao cha ndani kabla wale wageni hawajarudi.