Muuza rimu auze na nati zake

Tairi likichomoka barabarani, lawama humwangukia dereva, naye dereva akinusurika humgeukia fundi. Sisi tunasema wa kwanza kuulizwa ni muuza rimu. Mfanyabiashara anayemkabidhi mteja rimu nne za aloi, akapokea laki zake, kisha akamwambia aendelee na nati zake za zamani, ameuza nusu ya bidhaa, tena akaiacha nusu inayoamua kama gari litafika.

Nati ya gurudumu hutumikia mabwana wawili. Hesi yake, yaani yale meno ya ndani, huamuliwa na stadi za gari, zile bolti ambazo nati hufungwa juu yake. Kitako chake, pale inapoigusa rimu, huamuliwa na rimu. Ukibadili rimu umebadili bwana mmoja, na nati iliyofaa jana yaweza isifae leo ingawa gari ni lile lile. Toyota nyingi zinazozunguka Mwanza, kuanzia IST za mitaani hadi Hiace za daladala, zina stadi za milimita 12 zenye hesi ya 1.5. Subaru na Nissan nyingi ndogo nazo zina milimita 12, ila hesi ni 1.25. Nati ya Toyota ukiijaribu kwenye Subaru huingia mzunguko mmoja au miwili, halafu hugoma. Fundi makini huishia hapo. Fundi mwenye haraka huifuata mashine ya upepo, na stadi inakwisha hapo hapo.

Kosa hilo walau hujitangaza. Linalotutia hofu zaidi ni lile la kimya. Honda Fit na IST nyingi zina matundu manne yaliyopangwa kwenye duara la milimita 100, stadi za unene mmoja na hesi moja. Nati ya gari moja huingia kwenye jingine kwa vidole, laini kabisa, na mteja huondoka akishukuru. Lakini nati za kiwandani za Honda zina kitako cha mviringo, wakati rimu nyingi za madukani zimechongwa matundu ya koni ya nyuzi 60. Mviringo ndani ya koni hugusa mstari mwembamba tu. Aloi ni laini kuliko chuma, hivyo huliwa pale pale inapoguswa, na kila inapoliwa mkazo wa nati hupungua. Toyota nayo ina mtego wake. Rimu zake nyingi za aloi za kiwandani hufungwa kwa nati bapa zenye washa na shingo inayozama tunduni. Ukizihamishia kwenye rimu ya koni, washa hukaa ukingoni bila kukalia chochote cha maana. Na anayenunua rimu za mtumba za Toyota, akazifunga kwa nati za koni zilizotoka kwenye rimu zake za chuma, amefanya kosa lile lile kwa upande wa pili.

Wengi hudhani stadi ndizo zinazobeba gari. Sivyo. Nati huivuta stadi, stadi hulibana gurudumu kwenye habu, na msuguano wa mbano huo ndio unaolishikilia. Mbano ukilegea, gurudumu huanza kucheza, stadi hupindwa huku na huku katika kila mzunguko, hadi zinakatika moja baada ya nyingine. Ndiyo maana kipimo cha tundu la katikati nacho si jambo dogo. Habu ya IST ni milimita 54.1, lakini rimu nyingi za dukani hutobolewa milimita 73.1 ili zikubali magari mengi. Bila pete ya kuziba nafasi hiyo, kazi yote ya kuliweka gurudumu katikati huachiwa nati. Muulize muuzaji wako kuhusu pete hiyo, uone atakavyokutazama.

Mafundi hawajasalimika katika hukumu hii. Toyota huagiza nati za magari yake madogo zikazwe kwa nguvu ya Nm 103. Fundi mwenye kilo 70 akisimama juu ya ncha ya bomba la mita moja anakaza kwa karibu Nm 690, zaidi ya mara sita ya kipimo. Stadi iliyovutwa namna hiyo imeshaumia hata kabla gari halijatoka gereji. Kaza kwa spana ya kupimia nguvu, kwa mpangilio wa msalaba, kisha mwambie mteja arudi akaguliwe baada ya kilomita 50 hadi 100. Hilo la mwisho halimgharimu fundi hata senti, na bado halisemwi.

Tangu Juni 2025, Daraja la J.P. Magufuli limeiondoa foleni ya kivuko kati ya Kigongo na Busisi. Ni neema kubwa kwa Kanda ya Ziwa. Lakini dereva aliyekuwa akisubiri kivuko alikuwa na muda wa kuzunguka gari na kugusa tairi zake. Leo anavuka kilomita tatu juu ya maji bila kusimama, na nati iliyolegea Usagara yaweza kumfikisha Sengerema au isimfikishe.

Sheria haijalala kimya. Ile ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha gari bovu, na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji shida yake na kuutegemea ujuzi wake: bidhaa lazima iifae kazi hiyo. Mteja anayesema "nataka rimu za IST" ameshaeleza vya kutosha. Askari wa trafiki wanaodai kizima moto na stika waongeze jambo moja, wainame na kutazama nati zilizopungua au zisizofanana.

Halmashauri ya Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela ndizo zinazotoa leseni kwa maduka haya. Tunazitaka ziwaite wauza rimu wote na kuwapa agizo moja: risiti ya rimu iandikwe pamoja na nati zake, 16 kwa gari la matundu manne, 20 kwa la matundu matano, aina ya hesi na umbo la kitako vikitajwa. Duka lisiloweza kuyaandika hayo liuze kitu kingine.