Tarakimu Nyingi Si Usahihi

Magari madogo yaendeshwayo kwa redio huonekana na wengi kuwa mchezo wa watoto tu. Hata hivyo, mahali ambapo mashindano yake hufanywa kwa makini, swali gumu si nani mwenye gari la kasi zaidi, bali ni jinsi muda unavyopimwa. Hilo ni swali la fizikia, nalo lastahili nafasi katika maabara ya shule ya sekondari.

Gari liendalo mita 10 kwa sekunde hupita mita 2 katika sekunde 0.2, na huo ndio takriban muda ambao mtu huhitaji ili aone jambo na kubonyeza saa ya michezo. Magari mawili yakifuatana kwa mita moja, mshika saa hawezi kuyapima kwa haki. Ndiyo sababu kila gari hufungwa transponda, yaani kisambaza mawimbi kidogo chenye namba yake ya pekee. Chini ya njia hulazwa kitanzi cha waya kinachokatiza upana wote. Gari lipitapo juu yake, chombo cha kupokea hutambua namba ile na kuandika wakati.

Ufungaji wa vyombo hivyo wataka fikra. Kitanzi kikikaribia mno sehemu nyingine ya njia, gari laweza kuhesabiwa mara mbili katika mzunguko mmoja. Bamba la chuma likiifunika transponda, huenda isisikike kabisa. Tena, transponda ya gari moja ikikaa mbele na ya jingine ikikaa sentimita 20 nyuma zaidi, muda wa kila mzunguko hauathiriki, kwa kuwa kosa huwa lile lile mwanzoni na mwishoni mwa mzunguko. Lakini magari hayo yakifika mwisho sambamba kwa mwendo uliotajwa, moja litapewa ushindi wa sekunde 0.02 ambao halikuupata.

Hapo ndipo penye hatari. Chombo huonyesha sehemu za elfu za sekunde, na watu huziamini kwa sababu tu zimeandikwa. Katika Michezo ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972, Gunnar Larsson wa Sweden alimshinda Tim McKee wa Marekani katika kuogelea mita 400 kwa mitindo mchanganyiko. Muda wao ulikuwa dakika 4 na sekunde 31.981 kwa 31.983. Kwa mwendo wao, sekunde 0.002 ni kama milimita 3. Ni vigumu kujenga bwawa ambalo njia zake zote zina urefu sawa kwa kiasi hicho. Baadaye kanuni ilibadilishwa, matokeo yakaishia kwenye sehemu za mia. Mwaka 1984 huko Los Angeles, Carrie Steinseifer na Nancy Hogshead walimaliza mita 100 kwa sekunde 55.92, na wote wawili wakapewa dhahabu.

Wapo watakaosema kwamba kuacha tarakimu iliyokwisha kupatikana ni kutupa elimu. Sivyo. Tarakimu isiyoweza kutetewa si elimu, na mshindi aliyepatikana kwayo amepatikana kwa bahati. Kukubali sare ni uamuzi wa kisayansi.

Kwa hiyo hapana budi shule zianze na vyombo vya kupimia kabla ya kutamani magari ya kasi. Taa ya mionzi ya infraredi na kipokezi chake, vikiwekwa pande mbili za njia, hutosha kupima gari moja moja, ingawa haviwezi kutambua ni gari lipi lililopita. Simu ipigayo picha 30 kwa sekunde hufaa pia, mradi ikumbukwe kwamba kati ya picha na picha gari lile limekwisha kwenda sentimita 33. Wanafunzi na waupime mzunguko mmoja kwa mkono, kwa simu na kwa mionzi, kisha wataje ukubwa wa kosa la kila chombo.

Naye mwalimu asimpe alama nyingi mwenye jibu refu. Ampe yule awezaye kuonyesha ni tarakimu ipi ya mwisho iaminikayo, na kwa sababu gani.