Picha yenye kina: Kamera ndogo yatosha

Hebu msomaji, inua kidole chako cha shahada mbele ya pua. Fumba jicho la kulia ukitazame, kisha lifumbue na ufumbe la kushoto. Bila shaka umeona kidole kikiruka kutoka upande mmoja hadi mwingine, ilhali ukuta ulio nyuma yake haukusogea sana.

Mchezo huo wa watoto ndio siri yote ya picha zenye kina, zile ambazo ukizitazama unaona kana kwamba unaweza kutia mkono ndani na kushika kitu. Na kinyume na wanavyodhani wengi, huhitaji mtambo wa bei ghali kuzipiga.

Macho ya mtu mzima yametengana kwa takriban sentimita 6 na nusu. Kwa sababu hiyo, kila jicho huiona dunia kutoka mahali pake. Ubongo huzipokea picha hizo mbili, ukazilinganisha na kutambua kilicho karibu na kilicho mbali. Mwanasayansi wa Uingereza, Charles Wheatstone, alilieleza jambo hili mwaka wa 1838 akitumia vioo viwili vilivyolionyesha kila jicho mchoro wake. Katika maonyesho makubwa ya London ya mwaka wa 1851, chombo cha lenzi kilichobuniwa na David Brewster kilimvutia Malkia Victoria mwenyewe, na baada ya hapo vyombo vya aina hiyo vikaingia katika sebule nyingi za Ulaya na Marekani.

Mwaka wa 2009 kampuni ya Fujifilm ilitoa kamera ndogo yenye lenzi mbili kwa ajili ya kazi hii. Lakini ile kamera yako ya kawaida ya dijitali, iliyolala kwenye droo tangu simu zichukue nafasi yake, inatosha kabisa. Hata hiyo simu yafaa.

Jinsi ya kupiga

Kwa kuwa una lenzi moja, utapiga picha mbili, moja baada ya nyingine. Simama ukiwa umetanua miguu kidogo. Egemea mguu wa kushoto, piga. Kisha, bila kuinua nyayo, egemea mguu wa kulia na upige tena. Hiyo ya kwanza ni ya jicho la kushoto, na ya pili ni ya jicho la kulia. Usibadilishe utaratibu huo, la sivyo utasahau ipi ni ipi.

Kamera isogee kando tu. Isipande, isishuke, wala usiigeuze ili kufuata kitu unachokipiga. Njia rahisi ni kuchagua kitu cha mbali, kama vile mlingoti au ncha ya paa, na kuhakikisha kimebaki mahali pale pale kwenye kioo cha kamera katika picha zote mbili. Usivute picha karibu kati ya pigo la kwanza na la pili. Zima mwangaza wa kamera pia, kwani huhamisha vivuli.

Je, usogee kiasi gani? Wapiga picha hawa wana kanuni yao: gawanya kwa 30 umbali ulio kati yako na kitu kilicho karibu zaidi. Mtoto aliyeketi mita 2 kutoka kwako, sogea karibu sentimita 7. Ua lililo nusu mita mbele yako, usipite sentimita 2. Nao ukuta wa Fort Jesus ukiwa mita 30 mbele yako, bila kitu kingine chochote katikati, utahitaji kusogea mita nzima ndipo kina kijitokeze. Anayesogea kupita kiasi huishia kuumwa na kichwa wakati wa kutazama.

Chagua mahali penye vitu vya karibu, vya kati na vya mbali. Tawi la mti mbele, benchi katikati na majengo ya jiji kwa mbali ni mpangilio mwema. Epuka barabara yenye magari, bendera inayopepea na mtoto asiyetulia. Kitu kikisogea kati ya picha mbili, macho hayatakubaliana.

Jinsi ya kutazama

Chapisha picha hizo zikiwa ndogo, kila moja isizidi upana wa sentimita 6. Zibandike ubavu kwa ubavu, ya kushoto ikae kushoto. Chukua kadi ngumu yenye urefu wa sentimita 30 hivi, uisimamishe katikati ya picha hizo na ncha yake ya pili uiegemeze kwenye pua. Sasa kila jicho linaona picha yake tu. Tuliza macho kana kwamba unatazama mlima ulio nyuma ya karatasi. Picha zitaelea, zikaribiane na kuungana kuwa moja. Hapo ndipo wengi hutoa sauti ya mshangao.

Usiharakishe. Wapo wanaofaulu kwa dakika moja na wapo wanaohitaji siku tatu. Ukiona kilicho mbali kimekuja mbele na kilicho karibu kimedidimia, umezigeuza picha. Zibadilishe nafasi.

Wenye kompyuta wanaweza kutumia programu ya bure iitwayo StereoPhoto Maker, ambayo hurekebisha picha zilizopinda na kuziunganisha kuwa picha moja ya rangi nyekundu na samawati. Hiyo hutazamwa kwa miwani ya kadi yenye nailoni nyekundu upande wa kushoto na samawati upande wa kulia. Njia hii ni rahisi zaidi kwa watoto.

Asiyeona kina

Na hapa ndipo mchezo unapogeuka kuwa jambo la maana, hasa kwa wazazi. Familia nzima ikipokezana miwani, huenda mtoto mmoja akasema haoni lolote. Nduguze humcheka. Tafadhali usimcheke, wala usimlazimishe kusema ameona.

Wapo watoto ambao jicho moja ni dhaifu, au wana makengeza madogo yasiyoonekana wazi. Ubongo huzoea kuipuuza picha ya jicho hilo, nalo likazidi kudhoofika. Mtoto huyo halalamiki, kwa maana hajui kuona kwa namna nyingine. Na kwa kuwa jicho la pili ni zima, husoma ubaoni bila taabu na hakuna anayeshuku. Utamwona tu akikosa kuudaka mpira, au akimimina chai kando ya kikombe, na watu wazima humwita mzembe.

Madaktari wa macho wenyewe hutumia picha zenye kina kupima watoto. Mojawapo ni ya nzi mkubwa: mtoto huvishwa miwani maalumu na kuambiwa amshike nzi mabawa. Anayeona kina huvibana vidole hewani, juu ya karatasi. Asiyekiona huigusa karatasi yenyewe.

Sisemi kwamba kila asiyeona ni mgonjwa. Kwa njia ya kadi, watu wengi wenye macho mazima hushindwa mwanzoni. Aidha, picha zilizopigwa vibaya haziunganiki kwa mtu yeyote. Lakini mtoto akishindwa tena na tena, hata kwa miwani ya rangi, huku wenzake wakiona picha ile ile bila shida, mpeleke kwa daktari wa macho. Matibabu, ambayo mara nyingi ni miwani au kuliziba jicho zima kwa saa kadhaa kila siku kwa maagizo ya daktari, hufaulu zaidi mtoto akiwa mdogo, hasa kabla ya kutimiza miaka 7. Kungoja amalize shule ya msingi ni kumnyima nafasi bora.

Basi leo alasiri itoeni ile kamera kwenye droo. Mketisheni nyanya kibarazani, mumwombe atulie kwa muda wa kuhesabu hadi tano, mpige kushoto, mpige kulia. Mtakuwa na picha ambayo hata miaka 20 ijayo wajukuu watamwona akiwa ameketi mbele ya ukuta, mikono yake imetangulia mapajani, wala si kivuli kilichobandikwa kwenye karatasi. Na kabla ya kuiweka albamu kabatini, hakikisheni kila mtoto nyumbani ameiona.